Re: SUV ya dizeli imekosa nguvu mlimani, mashine inasoma P0299

Mkuu usikimbilie kununua tabo mpya (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini), wengi wanapigwa hapo. Huo msimbo wa P0299 unasema tu presha ya hewa ya tabo iko chini ya inayotakiwa, haujasema tabo imekufa. Anza na mipira ya kwenda intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo), ikizeeka inapasuka upande wa chini usikoona, ukikanyaga mafuta unasikia ssss na moshi mweusi unatoka nyuma. Halafu vile vipaipu vyembamba vya vakyumu (mvuto wa hewa), chomoa kimoja kimoja kagua nyufa (vinadharaulika ila ndo wasumbufu). Vikiwa poa mtu awashe injini we uangalie fimbo ya akchueta (kidude kinachorekebisha presha ya tabo), kwenye tabo za vakyumu inatakiwa ivutike, isipocheza cheki vakyumu inafika kweli au masizi yameigandisha hiyo fimbo. Tabo yenyewe iwe mwisho, injini ikiwa imezimwa na imepoa tikisa shafti (mhimili wa tabo), mapanga yake yakigusa kava ndo basi tena, tabo imekufa.