Jongoo bahari aliyemwaga matumbo ndooni: usimtupe

Ndugu uliyeuliza iwapo jongoo bahari (mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango) uliyemwokota wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, kisha akamwaga matumbo ndani ya ndoo, amekufa: usimtupe bado. Nimetunza jongoo mchanga (aina ya jongoo bahari anayeishi kwenye mchanga) katika uzio wa wavu mashariki mwa Unguja kwa miaka minne, na jambo hilo limenikuta mara kadhaa, hasa ndoo inapoachwa juani.

Kwanza hakikisha kwamba ulichoona ni matumbo kweli. Baadhi ya majongoo, hasa wa jenasi ya Bohadschia, hutoa nyuzi nyeupe zinazonata kama ulimbo, na hiyo ni silaha ya kumtatiza kaa au samaki anayewasumbua. Zilipata kunishika mkononi, nikazibandua pamoja na vinyweleo. Jongoo mchanga hana nyuzi hizo, kwa hiyo akitoa kitu, ni utumbo wenyewe.

Akibanwa au maji yakipata joto na kupungukiwa hewa, mishikizo ya utumbo hulegea na kukatika, misuli ya mwili hujikaza, na utumbo husukumwa nje kupitia tundu la haja, wakati mwingine pamoja na viungo vya kupumulia. Viungo hivyo ni mirija yenye matawi kama mti, nayo hupokea maji kupitia tundu hilohilo, maana jongoo hupumulia nyuma. (Kuna hata samaki mwembamba anayeingia humo kinyumenyume, mkia ukitangulia, akajificha ndani, nimemwona mara moja tu.)

Mnyama huyu hana ubongo wala moyo kama wetu, bali pete ya neva inayozunguka koo, na kinachobaki baada ya kumwaga matumbo kinamtosha kuishi. Utumbo mpya huota kwenye masalia ya mishikizo ile, kuanzia upande wa koo na upande wa nyuma, hadi ncha mbili zikutane.

Ili kujua kama yu hai, mguse taratibu: aliye hai hukakamaa, kwa kuwa neva zake zinaweza kuigeuza ngozi kutoka ulaini hadi ugumu kwa muda mfupi. Ukiona ngozi inachuruzika mkononi kama ute na vidonda vyeupe vimeenea, hapo sina matumaini. Wala usimchanganye na samaki ndooni, kwa sababu ana sumu inayowadhuru. Mimi nilipoteza tasi watano kwa uzembe huo.

Mrudishe kwenye mchanga wenye tope na nyasi za bahari. Mimi humtenga katika kizimba kidogo bila kumlisha, kwani chakula chake ni mabaki na vijidudu vilivyomo mchangani, na kwa wakati huo hana cha kumeng'enyea. Wa mwisho alikaa wiki tatu hivi, hata asubuhi moja nikakuta nyuma yake kamba nene ya mchanga uliokwisha kupita tumboni, nikamrudisha kwa wenzake.