Pombe na ridhaa: zungumza naye kabla hajafunga begi

Dada, umeuliza umwambie nini kijana wako anayeingia chuo, kuhusu pombe na ridhaa, bila kumhubiria. Mimi na wangu tuliongea ndani ya gari, macho barabarani, maana tungekaa ana kwa ana angejifungia chumbani. Nilimwuliza tu: "Mko kwenye sherehe, msichana unayempenda kalewa, ulimi mzito, anakuvuta mkono mwende chumbani. Utafanyaje?" Akajibu, "Si kataka mwenyewe?" Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Wengi hawajui kwamba mtu aliyekunywa sana anaweza kutembea, kucheza muziki na kujibu maswali, kumbe ubongo hauhifadhi kitu. Kesho hakumbuki lolote. "Ndiyo" ya mtu aliyelewa hivyo si ridhaa, na kwa sheria za nchi nyingi kulala naye kunaweza kuwa ubakaji. Na aliyelala naye, hata kama naye alikuwa amelewa, ulevi wake haumpi kinga. Kahawa au maji baridi havipunguzi ulevi, ni muda tu: ini huchukua takriban saa nzima kwa kipimo kimoja cha kawaida cha pombe.

Mwambie hayo hayo, awe wa kiume au wa kike. Binti akiambiwa "jichunge" peke yake, ataona kosa ni lake hata akidhulumiwa (na hatakuambia). Akimkuta mwenzake kazimia, amlaze ubavu, asimwache, aite msaada hata kama walikunywa kwa siri. Mimi niliongeza: nipigie saa yoyote, maswali kesho.