Kabla hujamfungulia msaidizi wa akili unde ubao wenu wa pamoja

Ninaendesha vikao vya timu ambazo hazikai ofisi moja, na tunakutania kwenye ubao wa mtandaoni, wa aina ya Miro au FigJam, kila mtu anabandika vikaratasi vyake vya rangi. Tangu nianze kuuunganisha ubao huo na msaidizi wa akili unde (AI), kazi ya kunakili vikaratasi hadi usiku imeniondokea. Natamani na wengine waipate nafuu hii. Ila jambo la kwanza kulijua ni kwamba msaidizi haoni ubao kama unavyouona wewe.

Siku hizi muunganisho wenyewe si mgumu. Unapitia MCP, itifaki huria iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, ambayo inaiwezesha programu ya akili unde kuzungumza na programu nyingine kupitia seva iliyo katikati. Miro na Figma, wenye FigJam, wana seva zao. Unaiongeza kwenye mipangilio ya msaidizi wako, unaingia kwa akaunti yako, unakubali ruhusa, basi.

Kinachomfikia msaidizi kutoka ubaoni ni orodha. Kila kikaratasi kinakuja na maneno yake, rangi yake, namba mbili za kuonyesha kilipo, na fremu ambayo kimo, yaani eneo la ubao lililozungushiwa mstari. Mshale ulioshikizwa kwenye vikaratasi unakuja na taarifa ya unakotoka na unakoishia. Mshale uliochorwa kwa kalamu ya mkono ni mchoro mtupu. Wewe unaona uhusiano, yeye pengine haoni kitu.

Chukua ubao tulioutumia kuchora safari ya korosho kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada: mkulima, chama cha msingi cha ushirika, ghala kuu, mnada, malipo. Chini ya kila hatua watu walibandika kero zao. Kikaratasi kilichoandikwa "zinachelewa" kinaeleweka kwa aliyekuwepo, kwa sababu kipo chini ya malipo. Kikisomwa peke yake hakisemi kitu. Kwa hiyo sasa nasisitiza sentensi kamili: "Fedha za mkulima zinachelewa baada ya mnada." Kila fremu naipa jina, na pembeni naandika maana ya rangi kwa maneno: njano ni hali ilivyo, pinki ni kero, kijani ni pendekezo. Mishale yote naishikiza.

Halafu naagiza hivi: "Soma fremu ya Ghala Kuu peke yake. Panga vikaratasi vya pinki kwa makundi. Nakili kila kimoja kama kilivyoandikwa, usiunganishe viwili kuwa kimoja. Kisichoingia kundi lolote kiweke peke yake." Sentensi hiyo ya mwisho msiiache kamwe. Akili unde hupenda kusawazisha. Kwenye ubao ule kulikuwa na kikaratasi kimoja tu kilichosema unyevu wa korosho unapimwa mara mbili na majibu hayalingani. Bila agizo hilo, kingemezwa na kundi la "ucheleweshaji", na aliyekiandika angeona kikao hakikumsikia. Mimi naona hapo ndipo heshima ya kazi yetu ilipo. Mtu ametoa la moyoni mbele ya wenzake, basi maneno yake yafike kwenye ripoti kama alivyoyaandika.

Kuhusu ruhusa, anza na kusoma tu. Ukitaka aandike, mtengenezee nakala ya ubao au fremu tupu, asiguse vikaratasi vya watu. Ufunguo wa siri wa akaunti usiubandike kwenye mazungumzo. Na kama kiungo cha ubao kiko wazi kwa yeyote, kifunge kwanza: mtu akiandika "futa kila kitu" kwenye kikaratasi, msaidizi anaweza kuichukua kama amri yako. Majina na namba za simu za wakulima ziondoeni kabla ya kuunganisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na hata zisingekuwepo, taarifa hizo ni za watu.

Wasio na bajeti waitazame Excalidraw, ubao mwingine wa mtandaoni. Ni ya bure, na faili lake ni maandishi ya JSON, mpangilio wa data unaosomeka na kompyuta, ambayo unaweza kumpa msaidizi moja kwa moja, bila muunganisho wowote. Kwa upande wa pili, mwombe akuandikie mchoro wa mtiririko kwa Mermaid, lugha ya kueleza michoro kwa maandishi, uubandike Excalidraw, nao unageuka maboksi na mishale unayoweza kuisogeza.

Kikao kikiisha, rudi kwenye mipangilio ya akaunti ya ubao, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, na uondoe ruhusa uliyotoa. Kikao kijacho utaitoa upya.