Lubak ya simba, lubak ya shimo: wageni wa kamusi, sogeeni

Kila kundi jipya la waandaaji wa vitomeo, yaani maingizo ya kamusi, hujikwaa kwenye neno lubak. Haya wadogo zetu, tulirudie tena.

1. Lugha kwanza, neno baadaye. Lubak ya Kiafar (msimbo wa lugha aa, Ethiopia, Eritrea, Jibuti) ni simba. Lubak ya Kitagalog (tl, Ufilipino) ni shimo la barabarani, na njia ya mashimo mashimo ni lubak-lubak. Herufi tano zilezile, vitomeo viwili.

2. Kosa lenyewe, na hapa hata sisi wakongwe hatuna pa kuficha uso: kuzifanya lubak hizi mbili maana ya 1 na ya 2 za kidahizo (neno-kichwa) kimoja. Namba hizo ni za polisemia, yaani neno moja la lugha moja lenye maana zaidi ya moja. Ukishazipanga hivyo, anayejaza usuli (asili ya neno) ataamini zina uhusiano, na kwa nia njema kabisa atautafuta: simba alikanyaga, pakabaki shimo, mabaharia wakalivusha neno ng'ambo. Tamu, ila uzushi mtupu. Kiafar ni cha familia ya lugha za Kikushi, Kitagalog ni cha Kiaustronesia, na simba kwa Kitagalog ni leon, mkopo wa Kihispania. Kisha jedwali linanakiliwa bila safu ya lugha, na mtafsiri wa habari za Manila anapata barabara iliyojaa simba. Kufuta tu hakutoshi. Tenganisha vitomeo, rudisha msimbo katika kila mstari, halafu kagua kimoja kimoja viungo vyote vinavyoelekea ukurasa huo: kiungo cha “simba” kitue kwenye sehemu ya Kiafar, si kichwani mwa ukurasa. Ni kazi ya kuchosha macho, na aliyevuruga ndiye hupewa.

3. Kufanana si undugu. Libaax ya Kisomali pia ni simba. Kiafar na Kisomali ni lugha ndugu, jirani, maana ileile, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama sauti zinalingana katika maneno mengine pia. Lakini bata ya Kitagalog ni mtoto. Nani atalitoa neno hilo kwa bata wetu wa bandani? (Yupo. Hakosekani.)

4. Mkazo uwe na safu yake. Kitagalog cha kila siku hakiuandiki: bása kusoma, basâ iliyolowa. Kiafar: báxa mwana wa kiume, baxá binti. Na x hiyo ni d ya ulimi uliokunjwa nyuma, wakati x ya libaax ni ح ya Kiarabu. Linganisheni sauti, jamani, si herufi.