Naitrojeni, chakula cha majani, ipo kwa ripoti ya udongo, mbona mchicha umegeuka manjano?
Yakhe, ripoti haikudanganyi, naitrojeni ipo ila karibu yote imefungwa ndani ya mboji, yaani mabaki yaliyooza udongoni, mchicha wako hapo Kisauni hauipati mpaka vijidudu vya udongo viifungue. Sasa wewe umechanganya makumbi ya nazi, kaboni tupu hiyo, vijidudu vinashambulia kaboni, na kuila vinahitaji naitrojeni pia, basi vinaupokonya mmea ile naitrojeni kidogo iliyokuwepo, ndo manjano hayo. Maabara uitishe kipimo cha pumzi ya udongo, yaani wanarowesha udongo mkavu wanapima kaboni dioksaidi inayotoka, ikiwa nyingi basi vijidudu viko kazini. Pesa hakuna? Zika kitambaa cha pamba miezi miwili, umwagilie, vijidudu hula pamba, kikitoka kizima vile ulivyokizika hapo uhai ni haba. Makumbi yatoe, tia samadi ya kuku, iliyooza lakini, mbichi itakuunguzia.