Wali wa jirani na kandambili ya kulia

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, gesi iliniishia. Maharage nimeshayaunga kwa nazi, mchele uko kwenye ungo haujachaguliwa, watoto watatu wananizunguka kama vifaranga, na moto ukafifia mara mbili ukazima. Hela ya kujaza mtungi sina mpaka Jumatatu. Nikamtuma binti yangu mkubwa mlango wa tatu, kwa jirani yetu mtu mzima, aulize kama jiko lake la mkaa bado lina moto tukabandike sufuria.

Akarudi anacheka. "Mama, anasema uje na maharage."

Kumbe jirani alikuwa peke yake tangu juzi. Binti yake wa mwisho kaolewa Morogoro, na wajukuu waliokuwa wakilelewa pale wameondoka naye. Lakini mkono una mazoea yake. Asubuhi ile alipima mchele makopo manne, kama siku zote, na alipokuja kushtuka sufuria imeshajaa. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda anautazama wali. Sisi tuna mboga isiyo na wali, yeye ana wali usio na walaji. Tulikula barazani kwake, watoto wakagombania ukoko.

Wengine wataita bahati. Kwetu tunaita kudura, na usiku ule nilitafuta kaunta buku la mwaka jana lenye kurasa tupu, nikamwambia mkubwa aandike. Tangu hapo ikawa desturi ya likizo: kabla ya kulala kila mtu anataja jambo moja la siku hiyo lililojipanga lenyewe. Mstari mmoja unatosha.

Ukitaka kujaribu na wanao, ushauri wangu wa kwanza ni kuacha nafasi. Mwaka juzi likizo yao niliijaza pomoni: tuisheni asubuhi, madrasa jioni, katikati kazi za nyumbani. Siku ya namna hiyo haina mlango wa jambo kuingilia. Safari hii tuisheni nimeipunguza mpaka siku tatu kwa wiki. Mwalimu alininunia kidogo, akazoea.

La pili nilijifunza Kigombe, kwa mama yangu, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Tulitaka kuondoka Dar Alhamisi, tukakosa siti za watu wanne, tukasafiri Jumatatu iliyofuata. Mtoto wangu wa kati anaogopa mawimbi tangu alipopigwa na moja akiwa na miaka minne. Baharini hufika mchangani akagoma. Kesho yake saa nne asubuhi tukashuka ufukweni, na bahari haipo! Maji yamejivuta mbali, mchanga wenye mistari umetandazwa mpaka kule kwenye miamba, akina mama wanaokota chaza. Mwanangu akatembea. Alikwenda mbali kuliko wenzake wote, akarudi na mfuko wa makombe.

Usiku akataka iandikwe. Kaka yangu akamkatiza: "Mjomba, hiyo si kudura, hiyo bamvua. Hukuuona mwezi jana ulivyojaa?" Akamweleza vizuri kabisa kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo bahari hutoka sana, na pwani yetu hutoka saa hizo hizo za asubuhi, babu zake wakijua hivyo. Mtoto akachukua kalamu akafuta. Sikusema kitu. Usiku uliofuata akaandika tena, kwa herufi zake kubwa: "Tulifika siku ya bamvua bila kujua." Mjomba wake alisoma, akakuna kidevu, akaenda kulala.

Kwa hiyo usiogope mtoto kuelezwa sababu. Mwache aelezwe.

Siku hizo hizo kitinda mimba wangu alipoteza kandambili ya kulia kwenye tope la mikoko. Bibi yake akaingia uvunguni, akatoka na kiroba cha kandambili za mguu mmoja mmoja, za miaka mingi. "Mimi situpi," akasema. Zote za kushoto isipokuwa moja, ya kijani, imemzidi mtoto nusu kidole. Ya kushoto yake ni ya bluu. Akazivaa hivyo hivyo mpaka Dar, na mpya nilizomnunulia hazitaki. Bibi alisema tu, "Mungu si Athumani," akarudisha kiroba uvunguni.

Nikizitazama kurasa za daftari, karibu kila jambo lina mtu nyuma yake ambaye hakujua anaandaa nini. Mikono ya jirani ilizoea makopo manne miaka na miaka. Mama yangu tulimcheka kwa ubahili wake wa viroba. Ndiyo maana sasa nawaambia watoto: andikeni na mtu. Wakiandika "tulipata kandambili" nawauliza, kwa nani?

Kuna hadithi moja siiruhusu. Ile ya "tulikosa basi, na basi lile likapata ajali." Hata ingenitokea, isingeingia kwenye daftari la watoto. Ndani ya basi lile kulikuwa na mama mwingine aliyesali alfajiri ile ile. Wa kati alinielewa upesi kwa sababu ya silikanti. Kigombe imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyopewa jina la samaki huyo mwaka 2009, na mjomba aliwasimulia jinsi wataalamu walivyodhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku Tanga wamenaswa kwenye majarife ya papa, bila mvuvi kuwatafuta. "Bahati ya wataalamu," akasema mwanangu. "Samaki je?"

Na kubali siku tupu. Kitinda alipougua homa, kwa siku nne mfululizo daftari linasema "Leo hakuna." Siku ya tatu limeongezwa neno: "Leo hakuna. Sindano." Usimlazimishe mtoto kuona neema penye sindano, atajifunza kusema uongo wa kidini, na huo ni mgumu kuung'oa.

Shule zimefunguliwa. Wiki iliyopita mkubwa alipeleka daftari kwa jirani akamsomee ukurasa wa wali. Jirani akaomba alale nalo usiku mmoja. Halijarudi mpaka leo, na wanangu wanaandikia nyuma ya kalenda ya ukutani.