Bosi mpole asiyeamua, na maswali yenu mengine

*Kwenye kampuni yetu ya programu hapa Ganjoni, Mombasa, tumebadilishiwa meneja. Wa kwanza alikuwa akifoka, huyu ni mpole, lakini tumechoka kuliko zamani. Tuna kasoro gani?*

Hamna. Upole peke yake si uongozi. Mteja akibadilisha nia, meneja anayejibu "mtaona wenyewe" amewatwika uamuzi bila mamlaka. Mnaandika ukurasa wa malipo siku tatu, Alhamisi mnaambiwa hakuna aliyeuagiza. Watafiti wa Norway, Skogstad na wenzake, walionyesha mwaka 2007 kwamba bosi asiyeongoza huenda sambamba na utata wa majukumu, ugomvi kati ya wafanyakazi na dhiki ya moyo. Mfokaji angalau mlijua anataka nini. Simtetei, zamu yake yaja.

*Programu imechelewa. Tuongeze watu wawili?*

Fred Brooks, mtaalamu wa programu wa Marekani, alishajibu mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi. Hao wageni atawafundisha nani, kama si wewe?

*Mazoezi gani yanaondoa msongo wa kazi?*

Swali hili tena! Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa kazi (burnout) hutokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Kazini, ndugu yangu. Tembea ufuoni Nyali ukipenda, lakini Jumatatu makataa ni yale yale. Robert Karasek wa Marekani aliandika mwaka 1979 kwamba kinachoumiza hasa ni kudaiwa mengi huku huna kauli juu ya namna ya kuyafanya. Basi uliza tarehe ilipangwa na nani. Kama ni mtu wa mauzo, akila biriani na mteja, anzia hapo.

*Seva, kompyuta inayoendesha programu zetu, ikianguka usiku bosi hupigia yeyote, hata Jumapili. Asema ndiyo teknolojia.*

Huo ni ubahili. Seva huanguka usiku, kweli, na lazima mtu aamke. Ndiyo maana kuna ratiba ya zamu: wiki hii fulani, ijayo mwengine, malipo yamekubaliwa, na aliyekesha hafiki ofisini asubuhi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ombeni ratiba kwa maandishi, nyote pamoja. Na wewe acha kujibu "sawa bosi" saa saba usiku juu ya rangi ya kitufe. Umemzoesha mwenyewe.

*Naongoza timu ya watu sita. Hawakosei, lakini wanaacha kazi. Kwa nini?*

Hawakosei, au hawakuambii? Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani miaka ya 1990, timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Kwingine yalifichwa. Mtu akifuta jedwali la data za wateja, wewe huuliza "ni nani?" au "imewezekanaje mtu mmoja alifute?" Ukifoka lile la kwanza mbele ya wenzake, kosa lijalo utalisikia kwa mteja.

*Mwanangu afanya kazi ya kompyuta, hapati usingizi, asema peke yake. Nimpeleke kwa mganga? (Mama, Likoni)*

Kwa daktari, mama, na usingoje. Kisha muulize likizo alichukua lini. Sheria hiyo hiyo inampa siku 21 za kazi kwa mwaka, na mshahara wake kamili. Akisema bosi hukataa, aombe kwa barua na abaki na nakala.